Kisu cha Case 6318: nukta 7, bapa linalocheza na ncha inayochomoza

SWALI: Nimenunua kisu cha kukunja cha Kimarekani kwenye soko la mitumba. Shina la bapa kubwa, yaani kitako chake kilicho kwenye bawaba, limeandikwa CASE XX U.S.A., chini yake kuna nukta 7, na nyuma kuna namba 6318. Kina mabapa matatu. Nikifungua lile kubwa, dogo moja linalegea kidogo. Hilo kubwa lenyewe linacheza kushoto na kulia likiwa wazi, na ncha ya dogo jingine inachomoza nje ya mpini likifungwa, inanichoma mfukoni. Muuzaji amenishauri nikibane kwenye jiliwa. Ni cha mwaka gani, na nikitengeneze vipi?

JIBU: Kisibanwe kwenye jiliwa. Sababu utaiona tukifika huko. Tuanze na namba, kwa kuwa ndizo zitakazokuonyesha kama kisu hiki ni cha kutengeneza au cha kuachwa kilivyo.

W.R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania, huandika aina ya kisu kwa tarakimu. Ya kwanza ni mpini: 6 ni mfupa uliochongwa mistari, 3 ni mpini wa njano. Ya pili ni idadi ya mabapa, hapa 3. Zinazobaki, 18, ni umbo, na 18 ni stokimani (kisu cha wafugaji chenye mabapa matatu) ya wastani, yenye urefu wa milimita 92 hivi ikiwa imefungwa. Mwaka unasomwa kwenye nukta. Mwaka 1970 kiwanda kilianza na nukta 10, kikawa kinaondoa moja kila mwaka hadi ikabaki moja mwaka 1979. Mwaka 1980 kikarudia nukta 10, lakini herufi S katika neno CASE ikachorwa kwa pembe kali kama radi. Kwa hiyo nukta 7 zenye S ya kawaida ni 1973, na zenye S ya radi ni 1983. Zihesabu kwa lenzi, ukiinamisha kisu ili mwanga uje kutoka ubavuni. Shina lililowahi kung'arishwa kwa mashine hupoteza nukta za pembeni, na hapo kisu kinahesabiwa kuwa kipya kuliko kilivyo.

Tazama na mpini kwa lenzi hiyohiyo. Mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vyeusi, hasa pale unapokutana na chuma cheupe cha mwisho wa mpini. Miaka hiyo kiwanda kilitumia pia plastiki ngumu iliyochongwa kuiga mfupa, na namba ikabaki ileile 6. Usijaribu kwa sindano ya moto. Hiyo inaacha kovu kwenye plastiki na kwenye mfupa pia.

Sasa ulegevu. Stokimani ina mabapa matatu na springi mbili tu. Kubwa, lenye ncha iliyokatwa kwa mkunjo, liko upande mmoja. Yale mawili madogo yako upande wa pili, moja la makali yaliyonyooka, lingine la ncha butu lililobuniwa kwa kuhasi mifugo. Kila dogo lina springi yake, na kubwa linachangia springi na mojawapo. Springi hiyo imeshikwa kwa pini katikati, ikikandamiza shina la bapa kila mwisho, hivyo mwisho mmoja ukishuka au kupanda hata kidogo, mkandamizo wa mwisho wa pili unabadilika. Uso wa shina unaokaa kwenye springi bapa likiwa wazi ukiwa chini kidogo kuliko uso wa kufungia, bapa mwenza litalegea kila kubwa linapofunguliwa. Huo si ubovu. Utakuwa ubovu ikiwa dogo hilo linatoka lenyewe ukitikisa kisu, au ikiwa lile dogo lisilochangia springi nalo linalegea.

Kucheza kushoto na kulia ni jambo jingine kabisa. Springi haihusiki hapo. Inayohusika ni pini ya bawaba iliyopita ndani ya vyuma vyeupe vya mwisho wa mpini, ambayo imelika au vichwa vyake vimelegea. Kabla ya kuigusa, safisha. Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, sugua ndani ya bawaba, fungua na funga mara 20, pangusa, kisha tia tone moja la mafuta mepesi ya mashine. Usiloweke kisu kizima, maana mfupa hunywa maji, huvimba na kupasuka kwenye pini. Mafuta ya kula nayo yaache, huganda yakawa gundi.

Baada ya hapo shika mpini, sukuma ncha pembeni kwa kidole. Kama inasogea chini ya milimita 1, kiache. Mkusanyaji wa visu vya 1973 atakubali mchezo huo mdogo kuliko alama za nyundo kwenye chuma cheupe. Ikizidi hapo na unataka kukitumia, kazi ni kugonga pini. Kata kipande cha kopo la soda, unene wake ni kama milimita 0.1, kichane katikati ili kiikumbatie pini, ukiingize kati ya shina na bamba la ndani, lile lililo chini ya mfupa. Laza chuma cha mwisho juu ya fuawe laini, na utumie nyundo ya kichwa cha mviringo ya gramu 100 hadi 200. Kichwa cha pini kimesawazishwa na chuma kinachokizunguka, ila pini iliyolegea mara nyingi huonekana kama duara hafifu. Gonga pembezoni mwa duara hilo, mapigo mepesi mawili matatu, ujaribu bapa, ugonge tena, kisha geuza upande wa pili. Mwishoni vuta kile kipande cha kopo. Nafasi kinayoiacha ndiyo inayoliwezesha bapa kuzunguka. Ukigonga bila kipande hicho utabana kupita kiasi, na bapa litafunga taratibu bila ule mlio wake mkali.

Jiliwa linabana mpini mzima pamoja na mfupa, na mfupa haupindi, unapasuka. Hata ukinusurika, bamba za shaba ya njano za ndani hurudi taratibu mahali pake na mchezo unarejea.

Ncha inayochomoza imetokana na kunoa. Bapa likifungwa, makali yanatazama ndani na mgongo nje. Kila unaponoa unakula upande wa makali, kwa hiyo ncha inahamia upande wa mgongo, yaani nje. Kuna njia mbili za kuirudisha. Ya kwanza ni kupunguza mgongo karibu na ncha kwa msasa namba 400, kidogo kidogo, kufuata mkunjo wake. Ya pili ni kukwangua kisigino, yaani kijino kilicho chini ya shina, mbele ya makali, ambacho hukaa juu ya springi bapa likifungwa. Kwenye bapa dogo ncha iko mbali na bawaba karibu mara 6 kuliko kisigino, hivyo milimita 0.1 ikitoka kisiginoni, ncha inashuka zaidi ya nusu milimita. Tupa ndogo laini, mikwaruzo miwili, funga, pima.

Mimi ningeanza na mgongo. Kisigino kikizidi kukwanguliwa, makali yanaigonga springi kila bapa linapojifunga, na hakuna namna ya kurudisha chuma kilichotoka. Ukiamua kukigusa, paka wino wa kalamu nene kwenye springi, funga bapa kwa kuliachia lijipige, kisha kagua makali. Wino ukiwa umehamia kwenye makali, umeshafika mwisho. Tangu hapo lifunge bapa kwa mkono hadi chini, usiliachie.

Rangi ya kijivu kwenye mabapa ya chuma cha kawaida usiiondoe. Inazuia kutu na inathibitisha umri. Kutu nyekundu isugue kwa mafuta na sarafu ya shaba. Kisu kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kemikali za kutengenezea ngozi zitalila bapa, wala kisiwekwe sanduku moja na visu vya zamani vyenye mpini wa seluloidi: seluloidi inayooza hutoa mvuke unaotia kutu visu vyote vya jirani.