Maswali ya wasomaji: The Hunger Games ilivyoingia kwenye muvi, njaa ikabaki kwenye kitabu

Toleo lililopita niliwaomba mniambie mnaonaje vile kitabu cha The Hunger Games cha Suzanne Collins kilivyogeuzwa muvi, na meseji zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwaiyo nimechagua chache na zingine nimeziunganisha. Kwa ambao hawaijui stori: kitabu kilitoka 2008, muvi ya kwanza 2012, nchi inaitwa Panem na iko pale ilipokuwa Amerika Kaskazini, ina mji mkuu tajiri unaitwa Capitol na wilaya 12 zilizo chini yake, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa miaka 12 mpaka 18 wanapelekwa uwanjani wakauane, inaonyeshwa laivu kwenye TV, mpaka abaki mmoja. Katniss wa Wilaya ya 12 anajitolea kwenda badala ya mdogo wake, na anaenda pamoja na Peeta, kijana wa muoka mikate. Humu nataja mpaka mambo ya mwisho, kama hujaangalia na hutaki kuharibiwa utamu acha kwanza uje baadae.

Shikamoo dada. Mi nilisoma kitabu kwanza nikaja kuangalia muvi nikaudhika sana, Madge hayupo kabisa, ile pini ya ndege Katniss anapewa tu sokoni, Peeta hakatwi mguu, wale watumishi waliokatwa ulimi hata hawaelezwi. Hivi hawa watu walisoma kitabu kweli? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Walisoma, tena Collins mwenyewe ni mmoja wa walioandika skripti, pamoja na dairekta Gary Ross na Billy Ray. Muvi ina saa mbili na dakika ishirini na kitu, lazima vitu vikatwe, na mi huwa sipendi sana huu mchezo wa kukaa na orodha ya vilivyokatwa kama tunafanya hesabu ya duka. Cha kuuliza ni kile kilichokatwa kilikuwa kinabeba nini.

Madge kwa mfano. Kwenye kitabu cha kwanza anaonekana tu mtoto wa meya mpole asiye na makuu, ukimtoa hakuna linaloanguka, ila ukifika kitabu cha pili unaambiwa ile pini ilikuwa ya shangazi yake aliyekufa kwenye mashindano hayohayo miaka mingi nyuma, hapo ndo unagundua kumbe Katniss alikuwa anatembea na kifo cha mtoto mwingine kifuani. Kwenye muvi hilo halipo. Lakini mi wangeniuliza nichague kimoja cha kurudisha ningechagua mguu wa Peeta. Kwenye kitabu anashinda pamoja na Katniss, manake mwishoni Capitol wanalazimika kuwaacha wote wawili, na anatoka bila mguu, anawekewa wa bandia, na Capitol wanamtengeneza wanampamba wanampeleka jukwaani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye muvi anapona kabisa. Mtazamaji anaondoka akiamini mtu anaweza kutoka mule akiwa mzima, na hicho ndo Capitol wanachotaka watu waamini.

Habari za kazi. Sehemu ya mkate kwenye kitabu nililia. Kwenye muvi ikapita tu, nikamuuliza mwenzangu aliyekuwa hajasoma akasema hakuelewa hata kwa nini yule kijana anarusha mkate. Ni mimi tu au? – Msomaji, Kigoma

Sio wewe tu, na hili ndo swali nililokuwa nalisubiri.

Kitabu kinaitwa hivyo kwa sababu kinahusu njaa. Baba yake Katniss alikufa kwa mlipuko mgodini, yeye ana miaka 11, mama akapata huzuni ile ya kukaa anaangalia ukuta, haongei hapiki haamki, na watoto wawili ndani ya nyumba wanaisha taratibu. Siku ya mkate mvua inanyesha, Katniss ameenda kuuza nguo za utotoni za mdogo wake zikakosa mnunuzi, anapekua mapipa ya taka nyuma ya duka la mikate anakuta yametupwa yote, mke wa muoka mikate anamfukuza, anakaa chini ya mti hana nguvu ya kurudi nyumbani. Peeta anaunguza mikate makusudi, anapigwa na mama yake, anaambiwa awape nguruwe, anamrushia Katniss. Hawaongei neno. Msichana anabaki na deni hilo miaka yote, ndo maana uwanjani anashindwa kumwelewa huyu kijana, anampenda au anaigiza, na yeye mwenyewe anaigiza au vipi.

Kwenye muvi ni vipande vya kumbukumbu tu, mvua, nguruwe, mkate kwenye tope. Picha ni nzuri. Ila asiyesoma hajui kuwa yule mtoto alikuwa siku chache tu kabla ya kufa.

Halafu kuna lile la majina. Kwenye kitabu wanaopelekwa uwanjani wanachaguliwa kwa bahati nasibu, mtoto akitimiza miaka 12 jina lake linaingia mara moja, mwaka unaofuata mara mbili, linaendelea kuongezeka hivyo, lakini kama kwenu mna njaa unaruhusiwa kuongeza jina lako ili upewe nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja ya mwaka, na unaweza kuongeza kwa kila mtu wa familia. Katniss ana majina 20. Gale, rafiki yake mwenye wadogo wengi, ana 42. Mtoto wa meya ana machache tu. Yani bahati nasibu inayotangazwa kwamba ni sawa kwa wote imepangwa imwangukie aliyekosa chakula, na kitabu kinachukua muda kukueleza jinsi watoto wa tabaka mbili za wilaya hiyohiyo moja wanavyochukiana kwa ajili ya hilo na Capitol wanafaidika. Kwenye muvi Gale anataja namba yake ikapita kwenye maongezi. Dakika mbili za kuelezea zingetosha, na stori yote ingesimama pengine.

Wapo wahakiki waliosema kosa ni kumpa Jennifer Lawrence nafasi hiyo eti mwili wake haufanani na mwenye njaa. Hapo nakataa kabisa. Kumpima msichana wa watu kiuno ndo tabia ya Capitol yenyewe. Njaa inaandikwa kwenye skripti, inaonekana kwenye jinsi mtu anavyoshika kijiko, anavyoficha kipande cha mkate mfukoni, anavyoangalia meza iliyojaa ndani ya ile treni. Lawrence angeweza kuigiza hayo yote, hakupewa.

Na kubwa zaidi kwangu ni mkate wa Wilaya ya 11. Rue, mtoto wa miaka 12 wa wilaya hiyo, anakufa, Katniss anamfunika kwa maua. Kwenye kitabu baada ya hapo inashuka parashuti ina mkate, mkate wa kwao Rue. Watu wa wilaya wanakochapwa viboko kwa kula walichovuna walichanga kumtumia mtoto wao, mtoto kafa, wakaamua uende kwa msichana wa wilaya nyingine, jambo ambalo Katniss anasema hajawahi kuliona. Kwenye muvi wameweka ghasia badala yake, wananchi wanavunja maghala na askari wanawapiga. Inasisimua, sikatai. Lakini watu wenye njaa kutoa chakula kwa mgeni ni jambo zito kuliko kurusha mawe, na ndo mapinduzi yalipoanzia.

Mwaka uliofuata, muvi ya pili inatoka, migahawa ya Subway ilikuwa inauza sandwichi kwa jina la hiyo muvi na CoverGirl wakatoa vipodozi vya mtindo wa Capitol. Stori ya watoto wanaokufa njaa inauzia watu sandwichi! Hii bado inaniuma.

Sasa dada kamera ya muvi ya kwanza mbona inatikisika hivyo, mi kichwa kiliniuma. Na kwa nini hawakuweka sauti ya Katniss akisimulia kama kitabuni? – Msomaji, Nairobi

Kitabu chote ni Katniss anasimulia, tena kwa wakati uliopo, huoni ila anachoona yeye. Ross akaamua kamera iwe ndo macho yake, inakimbia nae, inashtuka nae. Na inasaidia pia kuficha damu, manake watoto wanauana lakini mauaji mengi yanapita kama upepo na muvi ikapata daraja la kuruhusu vijana wadogo. Kwangu dakika za mwanzo za uwanjani, pale sauti inapozimwa kabisa watu wanaangushwa, ni kazi nzuri sana. Ila sehemu zingine nakubaliana na wewe, kijijini hakuna anayemkimbiza mtu kamera inatetemeka ya nini.

Sauti ya kusimulia mi naona walifanya vizuri kuiacha, ingekuwa mtu anakusomea kitabu huku unaangalia picha. Walichofanya ni kutoka nje ya kichwa chake, wakatupeleka chumba cha waendesha mchezo, tunaona wale vijana nadhifu mbele ya skrini wanabonyeza moto umfuate, wanachora mnyama halafu anatokea. Kitabuni hatuingii chumba hicho, kwa kuwa Katniss hakuwemo. Na zile sehemu za Snow, rais wa Panem, akiwa bustanini zilikuja baada ya Donald Sutherland kumwandikia Ross barua ndefu kuhusu huyo mhusika. Hapo muvi imeongeza kitu kizuri ambacho kitabu hakina.

Nyingine iliyofaidi picha ni ile ishara ya vidole vitatu, ambayo watu wa Wilaya ya 12 wanamuagia mtu wanayempenda. Ipo kitabuni, lakini ikaonekana kwenye skrini ikasafiri: Thailand baada ya jeshi kupindua serikali 2014 waandamanaji waliinyanyua hadharani na watu wakakamatwa kwa ajili yake, na 2021 Myanmar baada ya mapinduzi ya kule ikanyanyuliwa tena mabarabarani. Wale hawakuwa wanaigiza muvi, walikuwa wanahatarisha maisha.

Salaam aleikum dada yangu. Binti yangu ana miaka 12 ataka kuiona kwa sababu wenzake wa shule wameiona. Nimuache? – Mama wa wawili, Mombasa

Waaleikum salaam dada. Marekani walisema chini ya miaka 13 mzazi awe makini, Uingereza walikata sekunde saba, matone ya damu na majeraha, ndo ikaruhusiwa kwa wa miaka 12 na kwa wadogo wakiwa na mtu mzima. Kimapenzi haina shida, ni busu tu. Kinachosumbua ni kuona watoto wa umri wake wanauawa na watoto wenzao. Ningekuwa wewe ningempa kitabu kwanza kama anasoma Kiingereza vizuri, japo kitabu kina mauaji makali zaidi, kifo cha Cato, mshindani wao wa mwisho uwanjani, kinachukua usiku mzima, lakini kitabu ukizidiwa unakifunga na kinakupa muda wa kuelewa kwa nini. Muvi ukae nae muangalie pamoja, na Rue akifa usimharakishe. Za tatu na nne, zile za vita, mngojeze kwanza, mabomu yanaangukia watoto mle na mdogo wake Katniss anakufa.

Kuna mtu aliniambia Rue kwenye kitabu alikuwa mzungu muvi ndo ikambadilisha, ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

Si kweli hata kidogo. Kitabu kinasema wazi ngozi yake na macho yake ni ya kahawia iliyoiva, Thresh, kijana wa Wilaya hiyohiyo ya 11, nae pia. Muvi ilipotoka 2012 wako watu waliandika Twitter kwamba wamekasirika, mwingine akaandika kifo chake hakikumuuma tena baada ya kuona alivyo. Amandla Stenberg aliyemwigiza Rue alikuwa mtoto mdogo tu wakati huo. Walikuwa wamesoma kitabu wakamlilia Rue, na macho yao yaliruka sentensi iliyowaambia yeye ni nani. Nimesoma maoni mengi ya watazamaji kuhusu muvi mbalimbali, hakuna yaliyonikasirisha kama yale. Kama kuna cha kulalamikia ni kwamba Katniss mwenyewe kitabuni ana ngozi ya rangi ya zeituni na nywele nyeusi, na tangazo la kutafuta mwigizaji likaandikwa kwamba wanatafuta mzungu, yani wasichana wengine wote walifungiwa mlango kabla ya kugonga.

Kitabu cha tatu kimoja, muvi mbili, kwa nini? – Wasomaji kadhaa

Hela. Mockingjay sehemu ya kwanza 2014, ya pili 2015, na Francis Lawrence aliyeziongoza amesema mwenyewe baadae kwamba anajuta kuigawa. Ya kwanza imevutwa mpaka inachosha, watu wako chini ya ardhi wanatengeneza video za kampeni karibu muvi nzima. Watengenezaji wa Divergent, muvi nyingine za vitabu vya vijana, nao wakajaribu hivyohivyo, kitabu chao cha mwisho wakakigawa, nusu ya kwanza Allegiant ikaanguka sokoni 2016 na nusu ya pili haikutengenezwa kabisa, mashabiki waliokaa na ile stori miaka wameachwa njiani mpaka leo.

Nataka kuanza, nianzie wapi? – Msomaji, Bujumbura

Soma vitabu vitatu vya mwanzo kwa mpangilio, The Hunger Games, Catching Fire, Mockingjay, ndo uangalie muvi. Ya pili, Catching Fire ya 2013, ni bora kuliko zote nne kwa maoni yangu, kamera imetulia na ile sehemu ya mzee wa Wilaya ya 11 kupiga mluzi imefanywa vizuri sana. Halafu kile cha 2020, The Ballad of Songbirds and Snakes, kinachomhusu Snow akiwa kijana, muvi yake ilitoka 2023. Na kuna Sunrise on the Reaping cha 2025, cha Haymitch, yule anayewafundisha Katniss na Peeta kabla ya mashindano, akiwa na miaka 16, muvi yake imepangwa Novemba 2026, kwaiyo una muda wa kukimaliza kabla. Humo utakutana na shangazi yake Madge, yule mwenye pini. Ukimaliza niandikie.