Difu ya nyuma ikianza kulia, usikimbilie kununua nyingine

Gari za 4x4 huku Arusha zinapigwa kazi ya kweli. Land Cruiser ya watalii inatoka mjini kwa lami hadi Karatu, inashuka kreta ya Ngorongoro, kesho yake inatetemeshwa na mawimbi ya barabara ya vumbi kati ya Naabi na Seronera, na masika yakianza inazama kwenye udongo mweusi wa Ndutu. Mwenye gari anakagua springi, shokapu na tairi, oili ya injini anabadilisha kwa wakati. Difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, anaikumbuka siku inapoanza kulia. Hela inapotea hapo, kwa sababu fundi wa kwanza kuisikia atamwambia, "Bosi, difu imekwisha, tafuta nyingine."

Nimeziendesha gari hizi muda mrefu na nimelala chini yake na mafundi wa kila aina. Ninachoamini ni kwamba difu nyingi hazifi kwa kazi. Zinauawa na maji, na oili iliyosahauliwa, au na mkono wa mtu aliyeifungua bila sababu.

Tuanze na maji. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kikofia kidogo cha chuma ambacho ndicho kipumulio cha difu. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Sasa chukua ile barabara ya Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ziwa Natron. Umekimbia kwenye vumbi na mchanga, ekseli imechemka, unakuta korongo lina maji na unaingia moja kwa moja. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, difu inavuta pumzi. Kipumulio kikiwa kimefunikwa na maji, kinavuta maji. Kikiwa kimeziba kwa tope, maji yanatafuta njia kwenye oili sili, zile pete za mpira zinazozuia oili kuvuja.

Kipumulio kilichoziba kina ubaya wa pili. Joto likipanda, hewa inakosa pa kutokea na inasukuma oili nje kupitia sili ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu. Mtu anabadilisha sili, inavuja, anabadilisha tena, inavuja, anaanza kulaani sili feki. Sili feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi mchawi ni hicho kikofia kilichojaa udongo. Kifungue, kioshe kwa dizeli, hakikisha kinacheza. Kama gari yako inavuka mito mara kwa mara, weka mpira kutoka kwenye ekseli hadi juu, nyuma ya taa au sehemu ya bodi ambayo maji hayafiki. Mpira uwe na nafasi ya kupanda na kushuka na ekseli, usije ukakatika. Na ukifika mtoni ukiwa huna haraka, simama kwanza ekseli ipoe. Abiria wapige picha.

Kuhusu oili, chupa iwe imeandikwa GL-5, hilo ni daraja la oili ya gia. Pinioni haikai katikati ya krauni, ile gia kubwa inayoizungusha, imeshushwa chini kidogo, kwa hiyo meno yanasuguana kwa kuteleza na siyo kubiringika tu. Oili isiyo na dawa za kuhimili shinikizo hilo inakamuliwa pale kati, chuma kinabaki kinakula chuma. Uzito wa 80W-90 au 85W-90 unafaa gari nyingi za hapa, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kama difu yako ni ya LSD, yaani ile inayobana gurudumu moja lisizunguke bure, inataka oili ya LSD. Ukiipa ya kawaida itatetemeka na kuguna kwenye kona, halafu utaambiwa imekufa.

Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000 kwa gari ya lami na kila 20,000 kwa gari ya porini. Maji yakishafunika ekseli, sihesabu kilomita, naikagua wiki hiyohiyo. Na kabla hujagusa nati ya kumwagia, fungua kwanza ile ya kujazia. Ukimwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka, utabaki na gari isiyo na oili na huna pa kuipitishia. Kwenye Toyota nyingi za aina hii ni spana ya 24. Jaza gari ikiwa imesimama sawa, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu, ndipo ufunge.

Oili iliyotoka usiimwage bila kuitazama. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida, futa urudishe. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole si kawaida hata kidogo, hapo difu ishushwe kabla haijatawanyika njiani.

Sasa kelele. Kwanza jiridhishe kwamba ni difu. Tairi za matope zilizolika upande zinatoa mlio unaofanana kabisa na wake. Tofauti ni kwamba mlio wa tairi hubadilika barabara ikibadilika, kutoka lami mpya kwenda kongwe, kutoka lami kwenda vumbi. Difu haijali sana barabara, inajali mwendo na mguu wako.

Tafuta lami tambarare, pandisha madirisha, zima redio, shika mwendo wa 60 hadi 80. Kanyaga mafuta usikilize. Achia kabisa gari ikiwa kwenye gia, usikilize. Kisha shikilia mwendo bila kuongeza wala kupunguza. Ikilia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, shuku meno ya krauni na pinioni, ule upande unaosukuma gari. Ikilia ukiachia tu, shuku beringi za pinioni au nati yake kulegea. Ngurumo nzito isiyojali mguu, inayokua na mwendo, mara nyingi ni beringi, za krauni au za magurudumu. Hapo yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ngurumo ikibadilika unapoegemea upande mmoja, anzia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni kazi nyepesi kuliko kushusha difu. Na kama inagonga kwenye kona kali peke yake, fikiria spaida, zile gia ndogo za ndani zinazoruhusu magurudumu mawili kupishana mwendo kwenye kona.

Kuna ile "ko!" unapoondoka au unapotoka D kwenda R. Watu wengi wameuziwa difu kwa sababu ya mlio huo, na ulikuwa wa krosi, kiungo cha propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu. Zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, ingia chini ushike propela karibu na difu. Ikizunguka kidogo usiogope, kila difu ina plei, yaani nafasi ndogo ya kucheza. Krosi ikicheza ndani ya vikombe vyake, umepata ugonjwa, na dawa yake ni bei ndogo. Ila flenji ya pinioni yenyewe, ile sahani inayofungwa propela, ikipanda na kushuka, beringi imekwisha, na usisubiri safari nyingine.

Kuhusu sili ya pinioni, msimamie fundi. Kwenye difu nyingi, nyuma ya nati ile kuna bushi ambayo hubonyea kwa kipimo ili kuzipa beringi mkazo wake. Fundi akiikaza kwa bomba refu na nguvu za asubuhi, beringi zinabanwa kupita kiasi, na difu iliyokuwa inavuja tu inaanza kulia baada ya wiki chache. Aweke alama kwenye nati na shafti kabla ya kufungua, au apime mkazo. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni nayo ni kama milimita 0.15 tu. Haipimwi kwa kuitikisa kwa mkono. Fundi asiye na geji yake, mshukuru uondoke.

Ikibidi kununua ya mtumba, Gerezani ya Dar es Salaam au kwingineko, cha kwanza kuuliza ni uwiano. Gawanya meno ya krauni kwa ya pinioni. 43 kwa 11 ni 3.9, 41 kwa 10 ni 4.1. Difu mbili zinaweza kufanana sura, matundu na rangi, zikatofautiana hapo. Ukifunga 3.9 nyuma na mbele iko 4.1, kwenye lami gari itakwenda bila kukushtua. Siku ukiweka foo wili, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Gari zenye foo wili ya kudumu, kama Prado nyingi, hazisubiri siku hiyo, difu ya katikati inateseka tangu unapotoka gereji. Krauni na pinioni zinunuliwe pamoja, zimezoeana. Kuchanganya ya huku na ya kule ni kununua kelele.

Mengine ni ya dereva. Tairi za nyuma ziwe saizi moja na zimelika sawa, la sivyo spaida hazipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Difloki, ile kufuli inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, ifungwe ukiwa kwenye tope au mchanga, magurudumu yamesimama au yanakwenda polepole, na ifunguliwe ukishatoka. Kona ya lami na difloki ndiyo inayokata ekseli shafti. Umekwama Ndutu, gurudumu moja linazunguka hewani, acha kukanyaga mafuta. Spaida ndogo zile hazikutengenezwa kuzunguka kwa kasi hiyo chini ya mzigo. Shuka uchimbe.

Na ukifunga krauni na pinioni mpya, kilomita 500 za mwanzo nenda bila mzigo na bila kuvuta tela, simama mara kwa mara ipoe. Ikifika kama 1,000 mwaga oili hiyo hata kama inaonekana safi, halafu kagua sumaku.