Ndugu wanataka kumfungia mume wangu chumbani mpaka pombe imtoke

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni fundi magari Gerezani, ana miaka 43. Anakunywa kila siku, na asubuhi lazima azimue ndipo mikono iache kutetemeka. Kwa siku ni bia nne na kichupa kidogo cha pombe kali. Mwaka jana tulikwenda msibani Singida, siku ya pili bila kunywa akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Mama mkwe anasema karogwa. Jumapili hii shemeji zangu wanakuja kufanya kikao: wamseme mbele ya watu wote, kisha wamfungie chumbani wiki nzima. Jirani naye ananiuzia unga wa kumtilia kwenye chai bila yeye kujua. Mwanetu wa miaka 12 ndiye anayetumwa grosari. Nimechoka, lakini nampenda. Nifanyeje? Mama wa wawili, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho chumba, maana humo mumeo anaweza kufa.

Mtu aliyefika mahali pa kuzimua kila asubuhi, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi huku pombe ikiupoza. Pombe ikikatwa ghafla, kile kilichokuwa kinaupoza kinaondoka na ubongo unabaki umewaka. Kati ya saa 6 na 12 tangu kinywaji cha mwisho huanza mtetemo, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, hawajui walipo, joto linapanda. Hiyo hatua ya mwisho huua, na huua haraka zaidi mtu akiwa peke yake nyuma ya kitasa. Kilichomkuta Singida kinafanana sana na degedege la kukosa pombe, na aliyewahi kulipata mara moja yuko hatarini zaidi safari inayofuata. Kwa hiyo mumeo aachie pombe hospitali, akiwa amelazwa. Mpaka siku hiyo asikate ghafla, na wewe usimwage wala kufungia chupa zake. Najua inauma kuambiwa hivyo na mtu unayemwomba msaada.

Unga wa jirani usiupokee. Hujui kilichomo. Ipo dawa halisi, disulfiramu, ambayo mtu akiimeza kisha akanywa pombe anatapika, uso unawaka, moyo unakimbia na presha inaweza kushuka hadi azimie. Daktari huitoa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na aliyekaa angalau saa 12 bila pombe; hata baada ya kuiacha, nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili. Sasa fikiria anayenyweshwa kitu cha namna hiyo kwenye chai, halafu anaingia grosari saa moja jioni bila kujua. Na siku akigundua, hatakula tena chakula chako kwa amani.

Sasa kikao. Shemeji zako wana nia njema, ila njia hiyo imeshapimwa. Mwaka 1999, huko Marekani, William Miller na Robert Meyers na wenzao walichapisha matokeo ya ndugu 130 wa wanywaji waliokuwa wamekataa matibabu. Kundi moja liliandaliwa kufanya kikao cha ghafla cha kumkabili mnywaji: asilimia 30 tu ya wanywaji wao waliingia kwenye matibabu, kwa sababu familia nyingi ziliishia njiani bila hata kukifanya. Kundi lililofundishwa kubadilisha mambo nyumbani, kuzungumza kwa upole na kuchagua wakati lilifikisha asilimia 64. Mama mmoja aliyefundishwa vizuri alifanya zaidi ya ukoo mzima sebuleni.

Ndugu wasibaki bure, wapewe kazi. Chagueni watu wawili tu wa kuzungumza naye: wewe, na yule shemeji anayemheshimu na asiyekunywa naye. Mwingine ashike gereji au walau awaeleze wateja wake kwamba atalazwa. Mwingine achangie nauli na gharama. Mama mkwe usibishane naye kuhusu uchawi. Dua na hospitali havigombani. Mwombe apike na akae na watoto siku mtakazokuwa wodini, ila umsihi asimpe mwanawe mfungo wala dawa za kumtapisha.

Wakati wa kuzungumza si usiku akiwa amelewa, wala si alfajiri anatetemeka. Msubirini saa nne hivi asubuhi ya siku ya mapumziko, akiwa ameshatulia. Dakika kumi zinatosha. Sema ulichokiona na ulivyojisikia, usimpe jina: “Baba watoto, siku ile Singida niliogopa utanifia mikononi. Nimeulizia kliniki, Jumanne tunaweza kwenda mimi, wewe na kaka. Utakuja?” Neno “mlevi” lisitamkwe, deni la mwaka juzi lisifufuliwe. Akikataa, usimfuate kwa maneno; mwambie utamuuliza tena, kisha umuulize kweli wiki ijayo. Hata hivyo siku ya kliniki iwe imepangwa kabla hamjafungua mdomo, kwa sababu “sawa, twende” ya mnywaji hudumu siku chache, pengine saa chache.

Kwa nyinyi wa Tabata, hospitali ya Amana iko karibu. Ulizeni huduma ya afya ya akili. Muhimbili nako kuna idara ya magonjwa ya akili. Methadoni mtakayoisikia ikitajwa huko, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya wanaotumia heroini, msipange foleni hiyo. Kabla ya kwenda, andika daftarini kwa siku saba anakunywa nini, kiasi gani na saa ngapi anaanza. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi; kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina kama 55. Mumeo basi yuko karibu na gramu 135 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani huita gramu 60 kwa mkao mmoja unywaji wa kupindukia. Andika pia tarehe ya degedege, dawa anazotumia na saa ya kinywaji cha mwisho.

Jambo moja usilisahau hata akizidiwa usiku mkaishia zahanati ya mtaani. Wengi wataharakisha kutundika dripu ya glukosi. Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi amepungukiwa na vitamini B1, yaani thayamini, na sukari ikiingia bila hiyo inaweza kumdhuru ubongo: macho yanacheza, anayumba, akili inapotea. Sema waziwazi, “Huyu anakunywa kila siku, tunaomba apewe thayamini kabla au pamoja na glukosi.” Na diazepamu usiinunue dukani ukampa mwenyewe. Hospitali huitumia kutuliza, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, lakini ikichanganyika na pombe nyumbani inaweza kuzima pumzi.

Daktari anaweza kukusikiliza wewe bila ruhusa ya mumeo. Kukueleza mambo yake ndiko kunakohitaji aridhie, basi mwombe amtaje mtu mmoja au wawili wa kuingia naye. Kikao cha familia kifanyike hapo, mbele ya mtaalamu.

Kumbuka kulazwa huondoa arosto tu, yaani yale mateso ya mwili kukosa pombe. Kiu ya pombe hubaki, na kurudi nyumbani ndiyo kazi ndefu. Kila siku kwa saa moja mliyokubaliana, tuseme kabla ya chai ya asubuhi, yeye anasema, “Jana sikunywa, na leo nakusudia kutokunywa.” Wewe unamshukuru, anameza dawa yake mbele yako kama ameandikiwa, mnaweka alama kwenye kalenda. Dakika hizo mbili hakuna lawama wala maswali ya kesho. Siku aliyokaa bila kunywa, kaa naye, pika anachopenda. Siku aliyokunywa, usigombane, usimpikie upya usiku wa manane, usimpigie mteja kumdanganya kwamba anaumwa malaria, na mwenye grosari mweleze mapema kwamba deni si lako. Ila akilewa hadi hajiwezi, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, na asipoamka mpeleke hospitali. Akirudia kunywa kila siku, msimkatishe tena wenyewe, rudini kliniki.

Haya yote ni kwa nyumba isiyo na kipigo. Kama anakupiga, acha mazungumzo ya wawili, toka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 112. Simu ya mtoto ni 116.

Na huyo wa miaka 12, leo hii asitumwe tena grosari. Kaa naye mwambie baba anaumwa, kwamba hakusababisha yeye, na kwamba kumponya si kazi yake. Kisha mpigie shemeji yako mkubwa kabla ya Jumapili, umsomee hapo juu kuhusu chumba.