Lile tangazo lako la viwanja

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Dodoma hatujambo, ni jua na vumbi tu. Umeuliza kama tangazo lako la viwanja, uliloandika kwa kuwaigiza madalali wetu, ni kejeli au ni uongo, maana kuna mtu amekupigia simu kuulizia bei.

Mstari wa kwanza umenichekesha: "Viwanja Nala, dakika 5 kutoka lami." Tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, tunauziwa dakika hizo, na hakuna anayesema ni kwa miguu au kwa helikopta. Sauti yao umeipata barabara: "hati ipo kwenye mchakato", "nguzo za umeme zinaonekana", "wahi, vimebaki vichache". Ila umeiga, ukaishia hapo. Tangazo lako halina tofauti na la dalali mwenyewe, kwa hiyo aliyepiga simu simlaumu.

Mwenye kuigiza kwa kejeli huchukua sauti ya mtu, halafu huitwisha jambo litakalomuumbua mwenye sauti. Mwaka 1729 Jonathan Swift, mwandishi wa Ayalandi, alitoa kijitabu kwa sauti ya wataalamu wa zama zake, wale waliowapigia maskini hesabu kama mifugo. Kwa upole uleule na takwimu zilezile, akapendekeza watoto wa maskini wa Ayalandi wauzwe, wawe kitoweo cha matajiri. Hatukani wala hakonyezi. Msomaji anashtuka mwenyewe, kisha anaanza kuzitilia shaka na zile hesabu nyingine alizokuwa amezizoea.

Basi kwenye tangazo lako usiguse kitu mpaka ufike mstari wa maji. Hapo andika: "Maji yapo, mvua ikinyesha." Na bei: "Inapanda wakati unasoma." Usiweke alama za kucheka, zinaharibu.

Ule mstari unaomcheka mama aliyeuza shamba lake kwa bei ya kutupa, ufute. Wa kuchekwa hapo ni aliyelinunua akalikata viwanja.

Na namba ya simu iondoe leo hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika anayesambaza habari za uongo kwa nia ya kupotosha watu, na nia yako utaanza kuieleza ukiwa tayari kituoni. Huyo aliyepiga mpigie umweleze ukweli, asije akafunga safari ya Nala.

Baba yako