Dada wa Perth, siku mbili za mwisho usiziguse

Kuna dada yuko Perth, upande wa pili wa Australia, kaniandikia juzi, anasema Desemba wanakuja huku kwetu jimbo la Victoria na watoto watatu, wana siku sita za pwani, je nawashauri wapange vipi ili wafaidi kama sisi tulivyofaidi. Nilicheka peke yangu jikoni. Kaona zile picha za Januari, mimi nimevaa kofia natabasamu nyuma kuna mawe na bahari, hajui kwamba picha ile imepigwa kama dakika ishirini baada ya mimi na Baba Nasra kuacha kusemeshana.

Haya dada angu, nakueleza ukweli wote.

Tulikodi kebini Apollo Bay, kamji ka pwani, siku tano. Mimi, Baba Nasra, watoto wawili na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, likizo yenyewe niliiomba toka Agosti, kwahiyo nilifika pale nimechoka mpaka kucha. Siku tatu za kwanza sina cha kusimulia, tulikula tukalala tukaogelea basi, na sasa hivi ndo naona zile ndo zilikuwa likizo.

Siku ya nne asubuhi Baba Nasra kaamka, kakaa kitandani na simu, anahesabu. "Tumelipia siku tano, zimebaki mbili, hatujaona kitu." Nikajua yamekwisha. Mtu akishatoa hela yake anaanza kuidai pwani, kila saa inayopita anaona kama kaibiwa, na watu kama sisi tuliohamia huku ndo zaidi, tumezoea kuhesabu masaa ya kazi mpaka na likizo tunaifanya kama shifti.

Saa tatu tuko ndani ya gari tunakwenda kuangalia yale mawe yanayoitwa Mitume Kumi na Wawili, kilomita kama 85 kwenda, 85 kurudi, na kona za msituni humo katikati hazina idadi. Barabara ni nzuri siwezi kusema uongo, Great Ocean Road walianza kuichonga wanajeshi waliorudi kutoka vita ya kwanza ya dunia, kwa sururu na makoleo, toka 1919 mpaka 1932, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Lakini wale hawakuwa na mtoto wa miaka mitano kiti cha nyuma aliyetoka kunywa maziwa. Mwanangu alitapika mara mbili. Ya kwanza tulisimama tukafuta. Ya pili iliingia kwenye mkoba wa wifi, ule wa kahawia aliotoka nao Tanga, na paspoti ilikuwa humo humo.

Tumefika saa sita mchana, mabasi ya watalii yamejaa, upepo unapiga, nzi wanaingia mpaka puani. Nasra akasimama pale kwenye uzio akahesabu kwa kidole, akaishia saba. "Mama, wengine wako wapi?" Ikabidi baba yake aanze kueleza kwamba hata kumi na mbili hayajawahi kufika, na moja likaporomoka mwaka 2005 maana ni mawe ya chokaa na bahari inayala kila siku. Wifi akauliza kwa sauti, na pale kuna watu, "Kwahiyo tumetapikiwa kwa ajili ya mawe, na mengine yameshaanguka?"

Mimi nikacheka. Baba Nasra akachukia. Mdogo akaanza kulilia helikopta maana zipo pale zinarusha watu, baba yake akasema hapana, mimi nikasema si wewe ndo ulitaka tuone kila kitu, af nikaongezea, mbele ya dada yake, kwamba yeye akipanga safari utadhani anapeleka mizigo ya simenti. Hilo nakiri nilikosea. Lakini na wifi kukimbilia kwenye kundi la familia la WhatsApp usiku huo huo kuandika kwamba kaka yao anafokewa Australia, hilo nalo sijalisahau na yeye anajua sijalisahau.

Kurudi hakuna aliyeongea. Kilomita 85.

Siku ya tano ratiba yake ilikuwa mnara wa taa wa Cape Otway, ule wa mwaka 1848, halafu porini kutafuta koala, wale wanyama wa manyoya wanaokaa juu ya miti. Nikamwambia kwa upole kabisa gari leo haliwashwi. Nikachukua funguo nikaziweka kwenye unga wa ugali. Mpaka leo hajui zilikuwa wapi, labda akisoma hapa.

Tukashuka ufukweni kwa miguu. Na hapa naomba dada unisikilize vizuri maana hili si utani. Wifi ni mtoto wa pwani, kazaliwa anasikia mawimbi, kaona zile bendera nyekundu na njano ambazo waokoaji wanachomeka kuonyesha pa kuogelea, akasema hizi za watoto, akaenda kuingilia pembeni ambako maji yametulia. Ndani ya dakika mbili filimbi inalia na kijana wa uokoaji anamkimbilia na ubao wake. Kumbe huku pale panapoonekana shwari katikati ya mawimbi yanayovunjika ndo penye mkondo unaorudi baharini, na unabeba mtu mzima kama jani. Ukikubeba usishindane nao, elea, nyanyua mkono. Nchi hii waziri mkuu mzima, Harold Holt, aliingia kuogelea Cheviot Beach Desemba 1967 hakuonekana tena, hata mwili haukupatikana, na Melbourne wakaita bwawa la kuogelea kwa jina lake, sijui walifikiria nini. Ogeleeni katikati ya bendera. Usijivunie Tanga wala Mombasa wala Bagamoyo, hii bahari haikujui, na ni ya baridi hata Januari.

Baada ya hapo hatukufanya kitu, na ndo siku watoto wanayoizungumzia mpaka leo. Walichimba shimo, wakalijaza maji, likabomoka, wakachimba tena. Baba Nasra alilala mchangani mdomo wazi, shakwe akaja akamwibia chipsi mkononi. Jioni wifi akakaanga samaki na mihogo, ile ya kugandishwa tuliyobeba kutoka Footscray, kule Melbourne, mafuta yakatoa moshi kengele ya moto ikaanza kupiga kelele kebini nzima, babu wa kebini ya jirani akaja na kaptula yake na taulo la vyombo akasimama chini ya kengele anapepea mpaka ikanyamaza. Tukampa sahani. Alikula mihogo miwili akaomba pilipili. Tulikaa pale kibarazani mpaka jua linazama saa tatu kasorobo usiku, na Baba Nasra ndo aliyeanza kunisemesha, akaniuliza chumvi iko wapi.

Kwahiyo dada, kama ni siku sita, kona na mawe yafanyeni siku ya pili wakati mna nguvu na mnapendana. Mbili za mwisho usiziguse. Baba watoto akianza kuhesabu, ficha funguo. Na mizigo fungeni usiku, maana asubuhi saa nne wanataka kebini yao, sisi tulikuwa tunasukuma nguo zenye mchanga kwenye mifuko ya takataka huku mhudumu kasimama mlangoni na ndoo.

Paspoti niliifuta kwa kitambaa chenye maji ya waridi nikaianika dirishani siku mbili. Wifi anasema alipotua, yule wa uhamiaji aliifungua, akainusa, akamwangalia, akagonga muhuri.