Usibonyeze Reset: Nywila ya Waifai Bado Imo Kwenye Kompyuta

Steshenari nyingi za Ngamiani, Tanga, zina ruta iliyofungwa na fundi ambaye hayupo tena, na kibandiko cha chini yake kimeshafifia kwa joto na unyevu wa bahari. Siku printa mpya inapoletwa na kudai nywila ya waifai, hakuna anayeikumbuka. Ushauri wa haraka huwa mmoja: tafuta sindano, bonyeza reset. Tafadhali msifanye hivyo. Kwenye laini nyingi za faiba, reset hufuta pia jina la mtumiaji na nywila zilizowekwa na kampuni ya intaneti, na duka zima linakaa bila mtandao mpaka fundi wao afike.

Kompyuta iliyowahi kuunganishwa na mtandao huo huwa bado imeitunza nywila. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bofya kulia kwenye Command Prompt na uchague Run as administrator. Dirisha jeusi likifunguka, andika:

netsh wlan show profiles

Yatatokea majina ya mitandao yote ambayo kompyuta inayakumbuka. Chukua jina unalolitaka, mfano Duka Chumbageni, uandike:

netsh wlan show profile name="Duka Chumbageni" key=clear

Shuka hadi sehemu ya Security settings. Mbele ya Key Content ndiyo nywila yenyewe.

Ukijibiwa kwamba profile (kumbukumbu ya mtandao huo) haipo, kosa karibu kila mara liko kwenye jina: nafasi iliyosahaulika, au alama za nukuu zilizopinda kwa sababu amri imenakiliwa kutoka kwenye simu. Andika kwa mkono, alama za nukuu zilizonyooka. Ukiambiwa wlansvc (huduma ya Windows inayoendesha waifai) haifanyi kazi, andika net start wlansvc kisha rudia. Kompyuta ya mezani ambayo siku zote imetumia waya haina cha kukupa, usipoteze muda nayo.

Nywila usiisome kwa macho ukaiandika kwenye karatasi. Iteue kwa mausi, bonyeza Enter ili kuinakili, ibandike kwenye Notepad. Hapa ndipo watu wengi hukwama: wanakosea O na 0, au l ndogo na I kubwa, halafu wanaona kompyuta imewadanganya. Ndani ya Notepad, kwenye fonti (muundo wa herufi) ya Consolas, sifuri ina mstari wa mshazari ndani yake, na herufi O haina. Nywila za kawaida huanzia herufi 8 hadi 63, kwa hiyo ukihesabu 7, kuna moja umeiacha.

Wenye Windows 11 iliyosasishwa wana njia nyepesi zaidi: Settings, Network & internet, Wi-Fi, Manage known networks, chagua jina la mtandao, kisha bofya View penye View Wi-Fi security key. Kwenye Linux inayotumia NetworkManager, nmcli device wifi show-password huonyesha nywila ya mtandao uliomo sasa, pamoja na msimbo wa QR ambao simu inausoma. Kwenye Mac, itafute ndani ya Keychain Access.

Kama laptopu inakwenda kupigwa Windows upya, toa nywila zote kabla haijamfikia fundi. Tengeneza folda kwanza, kwa kuwa amri hii haikutengenezei:

mkdir C:\waifai
netsh wlan export profile key=clear folder=C:\waifai

Kila mtandao utapata faili lake la XML. Lifungue kwa Notepad, nywila iko kwenye keyMaterial. Ukiona protected imeandikwa true, nywila bado imefichwa, maana yake hukufungua Command Prompt kama administrator. Na kama nywila ina alama ya &, humo itaonekana kama &amp;, basi andika & peke yake. Kuchomoa diski na kuisomea kwenye mashine nyingine hakukuonyeshi nywila kirahisi, kwa sababu zimefungwa kwa Windows ileile iliyozihifadhi. Faili hizo zihamishie kwenye fleshi unayoiamini, kisha zifute kwenye C, kwani yeyote anazisoma bila kuulizwa chochote.

Ukiipata nywila na ruta ikaikataa, huenda mtu aliibadilisha baada ya kompyuta hii kuunganishwa mara ya mwisho. Jaribu kompyuta inayoingia mtandaoni leo. Na mitandao ya gesti inayodai vocha kwenye ukurasa wa kivinjari haina nywila ya kutafuta hapa, kwa sababu namba ya vocha haihifadhiwi sehemu hiyo.

Mwenye kuuza laptopu yake kama mtumba, afute kumbukumbu hizi kabla ya kuikabidhi, maana mnunuzi akipewa akaunti ya administrator atasoma nywila ya nyumbani kwako kwa amri zilezile:

netsh wlan delete profile name=* i=*