Mwili unautambuaje ugonjwa ambao haujawahi kukutana nao? Jibu langu kutoka maabara

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, mwili unautambuaje ugonjwa ambao haujawahi kuupata tangu uzaliwe. La pili, kwa nini ulipima VVU ukapewa jibu hasi na bado ukaambiwa urudi, wakati aliyepima malaria pembeni yako alipewa jibu na dawa siku hiyohiyo. Nipo maabara miaka mingi sasa, na hilo la pili naulizwa kuliko swali jingine lolote. Haliwezi kueleweka bila la kwanza, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Tuanze na antijeni, yaani kitu chochote ambacho kinga inakitambua. Seli ya kinga haioni kirusi kizima wala bakteria mzima. Inachogusa ni kipande kidogo sana cha umbo lake: pindo la protini, au mnyororo mfupi wa sukari uliochomoza juu ya ganda. Kipande hicho kikilingana na kipokezi kilicho juu ya seli, vinanasana. Kisipolingana, vinapishana. Hakuna macho wala akili hapo, ni maumbo yanakutana.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, angalia damu inavyopimwa kundi. Unaweka matone matatu ya damu kwenye kigae cheupe. La kwanza unalitia kingamwili (protini za kinga zinazonasa antijeni) za A, la pili za B, la tatu za Rh. Unakoroga kila tone kwa kijiti chake, kisha unakiinamisha kigae taratibu huku na huku. Kwa sekunde chache yote matatu yanafanana. Halafu moja linaanza kukatikakatika: ule wekundu laini unageuka punjepunje, na katikati ya punje weupe wa kigae unaanza kuonekana. Kingamwili zinazotumika kwa A na B kwa kawaida zina mikono kumi, kwa hiyo kila moja inashika chembe nyekundu hii na ile ya jirani mpaka zote zinashikamana. Na tofauti kati ya antijeni A na antijeni B ni sukari moja tu, ile ya mwisho kwenye mnyororo. Kingamwili ya A inaitambua hiyo sukari moja na kuiacha ya B ipite. Nimekitazama kipimo hiki sijui mara ngapi na bado kinanishangaza.

Aliyegundua makundi haya, Karl Landsteiner, mwaka 1901, hakuishia hapo. Baadaye alichukua kemikali zilizotengenezwa na binadamu maabara, ambazo hazikuwahi kuwepo katika maumbile, akazibandika kwenye protini na kuwadunga wanyama. Wanyama wakatoa kingamwili zilizozishika kemikali hizo barabara. Sasa jiulize: mnyama amejuaje kitu ambacho dunia haijawahi kuwa nacho?

Wengi tulifundishwa kwamba chembe nyeupe ni askari, wanamwona adui, wanamsoma, kisha wanatengeneza silaha ya kumfaa. Kwa mtoto wa shule inatosha, ila inapotosha mahali muhimu sana. Hata vichwa vikubwa vilikwama hapo. Mwaka 1940 Linus Pauling, mmoja wa wanakemia wakubwa wa karne iliyopita, alipendekeza kwamba kingamwili hujikunja kufuata umbo la antijeni inayokutana nayo. Ilisikika vizuri, lakini sivyo ilivyo.

Jibu sahihi lilikuja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957. Mwili haujifunzi umbo la adui ndipo utengeneze kingamwili. Umeshatengeneza mapema, bila kujua nani atakuja, mamilioni kwa mamilioni ya seli, kila seli ikiwa na kipokezi cha aina yake moja tu. Mfikirie fundi anayechonga funguo usiku na mchana bila kuwahi kuona kufuli hata moja, akitegemea tu kwamba funguo zikiwa nyingi vya kutosha, kwa kila kufuli litakalokuja hapakosi utakaoingia. Antijeni ikifika, haifundishi kitu. Inachagua. Seli ambayo kipokezi chake kimeinasa ndiyo inaruhusiwa kuzaana.

Kilichobaki kilikuwa hesabu. Binadamu ana jeni zipatazo elfu 20 za kutengeneza protini. Atapataje mamilioni ya kingamwili tofauti? Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alilifumbua mwaka 1976 na kupewa Nobel mwaka 1987. Seli B, chembe nyeupe inayotengeneza kingamwili, inapokomaa kwenye uboho wa mifupa, inakata vipande vya DNA yake yenyewe na kuviunga upya kwa bahati nasibu. Kwa mnyororo mzito wa kingamwili kuna vipande kama 40 vya kundi la kwanza, kama 23 vya kundi la pili, na 6 vya kundi la tatu. Zidisha, utapata zaidi ya 5,000. Ukiongeza mnyororo mwepesi nao, unavuka milioni. Na pale kwenye maungio herufi za DNA zinaongezwa na kupunguzwa ovyo, ndipo idadi inapokwenda mbali kabisa. Seli T, chembe nyeupe za aina nyingine, zinafanya vivyo hivyo kwa vipokezi vyake.

Hapo kuna hatari ambayo huenda umeshaiona. Ukichonga ovyo, utachonga pia vipokezi vya kuunasa mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana seli T zinapelekwa kwanza kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kati. Jacques Miller alionyesha kazi yake mwaka 1961. Kabla ya hapo wengi waliiona tezi isiyo na maana. Humo seli zinajaribiwa kwa protini za mwili wenyewe. Isiyoweza kushika chochote inakufa, inayoshika vya nyumbani kwa nguvu kupita kiasi nayo inakufa. Zaidi ya asilimia 95 hazitoki. Na kwa kuwa mchujo huo si kamili, zinazoponyoka zikishindwa kudhibitiwa huko nje ndiyo tunapata magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza, ambapo seli T zinaharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe unapoingia, tuhesabu siku, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo kwenye siku.

Saa za mwanzo kinga ya asili ndiyo inafanya kazi. Hii haichagui sana: ina vipokezi vichache vinavyotambua alama za jumla za vijidudu, kwa mfano mafuta ya ukuta wa bakteria au RNA ya virusi, yaani vinasaba vyake. Inaleta uvimbe, usaha, na zile kemikali zinazoufikia ubongo na kupandisha joto. Homa inatoka kwako, si kwa kijidudu. Aliyepata homa siku moja baada ya chanjo hajapewa ugonjwa. Kinga yake ya asili imeamka, na ni lazima iamke, kwa sababu bila ishara yake seli B na T nyingi hazianzi kazi hata zikinasa antijeni.

Wakati huohuo seli dendriti, ambazo Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973, zinameza vijidudu, zinavikatakata, zinabeba vipande hadi kwenye tezi za limfu na kuvitandaza juu yake. Seli T haishiki antijeni inayoelea. Inashika kipande kilichowekwa mikononi mwa molekuli maalumu ya mwili wenyewe. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walilionyesha hilo na kupata Nobel mwaka 1996. Na seli T inayolingana na kipande fulani ni adimu, pengine moja katika laki moja au hata moja katika milioni. Kwa hiyo zinapita tezi hadi tezi zikigusagusa, mpaka ile moja inakutana na chake. Ikikipata inakaa hapo na kuanza kugawanyika, mara mbili hadi nne kwa siku. Mitoki unayoipapasa shingoni au kwenye kinena ukiumwa, sehemu yake kubwa ni hizo seli zilizonaswa humo zikizaana.

Moja inafika kama elfu moja ndani ya siku tano hivi. Seli B zinazopata msaada wa seli T zinageuka viwanda vya kingamwili, kila kiwanda kikimwaga maelfu kwa sekunde. Nyingine zinabaki kwenye tezi zikibadilisha kidogo kidogo jeni za kipokezi chake, na zinazonasa vizuri zaidi ndizo zinazoendelea. Ndiyo maana kingamwili za wiki ya nne zinashika kwa nguvu kuliko za wiki ya kwanza, na ndiyo maana chanjo nyingi zinarudiwa. Kwa kawaida, mara ya kwanza kukutana na antijeni, kingamwili zinaanza kuonekana kwenye damu baada ya wiki moja hivi na kupanda polepole. Mara ya pili ni siku chache tu, na zinapanda juu sana.

Sasa vipimo. Kile cha malaria na kile cha haraka cha VVU vinafanana kwa sura: tone la damu, kimiminika, mstari mmoja au miwili. Lakini vinatafuta vitu tofauti. Cha malaria kinatafuta antijeni, yaani protini ya kimelea mwenyewe. Kimelea akiwepo wa kutosha, protini ipo leo. Kasoro yake iko upande wa pili: protini inayotafutwa na vipimo vingi, inayoitwa HRP2, inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu kamaliza dawa, kapona, anapima tena, mistari miwili, anaanza kusema dawa ilikuwa feki. Hapo tunaangalia kwa hadubini.

Kipimo cha haraka cha VVU kwa kawaida kinatafuta kingamwili, yaani kinauliza mwili wako umejibu nini. Kama ulikutana na kirusi wiki iliyopita, seli zako bado zinatafutana kwenye tezi. Kirusi kipo, unaweza hata kuambukiza, na mstari hauonekani. Vipimo hivi vinahitaji kati ya wiki 3 na miezi 3 tangu siku ya kukutana na kirusi. Hesabu tangu siku hiyo, mkuu, usihesabu tangu siku uliyopima. Vipo vipimo vinavyotafuta antijeni ya kirusi, p24, pamoja na kingamwili, na vinavyotafuta RNA yake. Hivyo vinawahi zaidi.

Akina mama naomba wasome hapa pia. Kingamwili za aina ya IgG zinavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto tumboni. Ni ulinzi mkubwa, kwa sababu mtoto anazaliwa akiwa na kinga ya mama yake. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa mama mwenye VVU anaweza kutoa mistari miwili kwenye kipimo cha kingamwili hadi miezi 18 bila kuwa na kirusi kabisa. Ni kingamwili za mama. Mtoto huyo anapimwa kirusi chenyewe kwa PCR. Nimeona wazazi wakilia kwa jibu la kipimo kisichofaa umri huo, na inauma, kwa sababu kuna kipimo sahihi.

Kumbukumbu ya kinga, yaani mwili kukumbuka ugonjwa uliowahi kukutana nao, nayo ina ushahidi mzuri sana. Mwaka 1846 surua ilivipiga visiwa vya Faroe baada ya kukosekana tangu 1781. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alikwenda kuchunguza akakuta wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuipata tena, miaka 65 baadaye, ilhali wazee ambao hawakuwahi kuugua waliipata kama watoto. Na surua hiyohiyo ni mwizi wa kumbukumbu: utafiti wa mwaka 2019 uliwapima watoto wasiochanjwa kabla na baada ya kuugua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Mzazi anayesema surua ni ya kawaida, mtoto aiugue tu, naomba alifikirie hilo.

Mafua na malaria yanarudi kwa sababu antijeni zinabadilika. Kimelea cha malaria kali ana jeni kama 60 za protini anayoitandaza juu ya chembe nyekundu, anavaa moja na kuivua akishatambuliwa.

Mwisho, kuna mdau amekushauri vidonge vya "kupandisha kinga". Kwa heshima, hapana. Kinga si kitu kimoja chenye kipimo cha juu na chini. Mwenye aleji ya kutisha ana kingamwili za IgE zinazofanya kazi kupita kiasi, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana seli T hodari kabisa zilizonasa mahali pasipo. Na kwa mwenye VVU, ambaye ndiye anauziwa sana vidonge hivi, CD4, aina ya seli T, zinashuka kwa sababu kirusi kinaziangamiza. Zinapanda kirusi kikizuiwa kuzaana, na kinachokizuia ni ARV zinazomezwa kila siku.